Usipojiona Kwenye Orodha: Jinsi Tovuti za Huduma Zinavyolisoma Ombi Lako

Mzazi anafika katika ofisi ya wadi akiwa na simu mkononi. Alimwombea basari mwanawe wa kidato cha pili kupitia tovuti, akapewa nambari ya ombi, na sasa shule zinakaribia kufunguliwa. Karani anaitafuta nambari hiyo na kuipata. Mbele yake pameandikwa "limeidhinshwa". Mzazi anashusha pumzi. Lakini katika orodha ya wanafunzi watakaolipiwa karo, ile iliyopelekwa kwa idara ya fedha, jina la mtoto halimo.

Hakuna aliyempokonya nafasi yake. Kilichokosekana ni herufi moja tu. Afisa aliyejaza uamuzi wa kamati aliruka "i". Kompyuta ilipoagizwa ikusanye maombi yote "yaliyoidhinishwa", ilikusanya yale yaliyoandikwa "limeidhinishwa" kwa usahihi, ikaliacha hili.

Huu ni mfano tuliouunda ili jambo lieleweke. Hata hivyo, kosa la namna hii linaweza kutokea mahali popote ambapo afisa anaruhusiwa kuandika neno lolote katika nafasi inayohitaji jibu moja kati ya machache. Huduma nyingi za kaunti zinaombwa kwa simu na kompyuta siku hizi, na ni vyema mwananchi aelewe kinachotokea baada ya kubonyeza "Tuma". Makala haya yanaeleza sehemu moja ndogo ya kazi hiyo: orodha ya majibu yanayokubalika, ambayo watengenezaji wa tovuti huiita enumu.

Kompyuta haikisii

Karani akisoma "limeidhinishwa", "limepita", "sawa" na "ndiyo", anaelewa kwamba maneno yote manne yanasema jambo moja. Amezoea kazi, anawajua wenzake, na anajua nani huandika vipi. Kompyuta haina mazoea hayo. Kwake hayo ni majibu manne tofauti. Hata "Limeidhinishwa" lenye herufi kubwa mwanzoni linaweza kuhesabiwa kuwa tofauti na "limeidhinishwa".

Maombi yakiwa ishirini, tofauti hizo zinaweza kusahihishwa kwa mkono jioni moja. Yakiwa maelfu kutoka wadi zote, hakuna atakayeona lile moja lililopotea, isipokuwa mwenyewe siku anaporudishwa nyumbani.

Fomu za karatasi zilikuwa na dawa yake. Badala ya kuacha mstari mtupu, mpiga chapa aliweka visanduku na mwombaji akatia alama kwenye kimoja. Enumu ni visanduku hivyo, ila vimewekwa ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo kila fomu, kila simu na kila ripoti italazimika kuviheshimu.

Skima: mkataba kati ya simu yako na seva

Tovuti ya huduma ina pande mbili. Upande wa kwanza ni ule unaouona kwenye skrini. Upande wa pili ni seva, yaani kompyuta inayotunza rekodi. Pande hizi mbili huzungumza kwa maulizo: skrini inauliza, seva inajibu.

Mojawapo ya lugha zinazotumika kuuliza ni GraphQL. Wahandisi wa Facebook walianza kuitengeneza mwaka wa 2012 kwa ajili ya programu yao ya simu, kisha wakaifungulia umma mwaka wa 2015. Mwaka wa 2018, Linux Foundation ilitangaza kuundwa kwa GraphQL Foundation, shirika ambalo sasa linaisimamia lugha hiyo. Kampuni au ofisi yoyote inaweza kuitumia bila malipo.

Kabla ya kuuliza chochote kwa GraphQL, lazima kuwe na skima. Skima ni mkataba unaotaja ni vitu gani vinaweza kuulizwa, na kila jibu litakuwa la aina gani. Lugha hii inakuja na aina tano za msingi: Int kwa nambari kamili, Float kwa nambari zenye desimali, String kwa maandishi yoyote, Boolean kwa ndiyo au la, na ID kwa kitambulisho kama vile nambari ya ombi.

Tatizo la mzazi wetu liko kwenye String. Ukisema hali ya ombi ni String, umesema kwamba maandishi yoyote yanakubalika. "Limeidhinshwa" ni maandishi, kwa hiyo linapita. Dawa ni kuunda aina yetu wenyewe na kuorodhesha majibu yote yanayoruhusiwa:

    enum HaliYaOmbi {
      LIMEPOKELEWA
      LINAKAGULIWA
      LIMEIDHINISHWA
      LIMEKATALIWA
    }

    type Ombi {
      nambari: ID!
      shule: String!
      hali: HaliYaOmbi!
    }

    type Query {
      maombi(hali: HaliYaOmbi): [Ombi!]!
    }

Hata asiyejua programu anaweza kufuata maandishi haya. Kipande cha kwanza kinasema kwamba hali ya ombi ni moja kati ya nne, wala hakuna ya tano. Cha pili kinasema kila ombi lina nambari, shule na hali. Alama ya mshangao ina maana kwamba nafasi hiyo haiwezi kuachwa tupu. Cha tatu kinaruhusu mtu kuomba orodha ya maombi, akipenda kwa kuichuja kulingana na hali. Mabano ya mraba yanaonyesha kwamba jibu litakuwa orodha.

Jina la shule limebaki String kwa sababu hatuwezi kuzitaja shule zote ndani ya skima. Hali ya ombi inawezekana, kwa kuwa hatua za ombi ni chache na zinajulikana.

Afisa wa fedha anapotaka orodha ya kulipa, mfumo wake unauliza hivi:

    query {
      maombi(hali: LIMEIDHINISHWA) {
        nambari
        shule
      }
    }

Neno LIMEIDHINISHWA halitiwi alama za kunukuu, kwa kuwa si maandishi ya kawaida bali ni jina lililomo kwenye orodha. Fundi akikosea na kuandika LIMEIDHINSHWA, seva inalikataa ulizo zima kabla ya kugusa rekodi hata moja, na inamweleza kwamba neno hilo halimo katika HaliYaOmbi. Vivyo hivyo, afisa anayejaza uamuzi hawezi kuhifadhi neno lisilo kwenye orodha. Kosa linaonekana mara moja mezani pa aliyelifanya, badala ya kujitokeza wiki kadhaa baadaye kwenye lango la shule.

Kuna faida nyingine. GraphQL inaruhusu mfumo kuuliza skima yenyewe: "Je, HaliYaOmbi ina maneno gani?" Kwa hiyo orodha ya kuchagua unayoiona simuni inaweza kujengwa moja kwa moja kutokana na skima. Ofisi ya wadi, makao makuu na simu ya mwananchi vinasoma orodha ile ile.

Ng'ombe, Murang'a na herufi zinazokatazwa

Majina ndani ya enumu yana sheria zake. Yanaruhusiwa kuwa na herufi A hadi Z, kubwa au ndogo, tarakimu, na kistari cha chini. Hayawezi kuanza na tarakimu. Hayawezi kuwa na nafasi, kistari cha kati wala alama ya ritifaa. Maneno true, false na null yamekatazwa kabisa, kwa kuwa lugha imeyatengea kazi nyingine. Desturi ni kuyaandika majina yote kwa herufi kubwa.

Kwetu Kenya sheria hizi zinagusa mambo ya kila siku. Fomu ya chanjo ya mifugo ikitaka enumu ya aina za wanyama, itaandika MBUZI, KONDOO na NGAMIA bila shida, lakini NG'OMBE litakataliwa kwa sababu ya ritifaa. Itabidi liwe NGOMBE. Murang'a inakuwa MURANGA, Taita-Taveta inakuwa TAITA_TAVETA, na Trans Nzoia inakuwa TRANS_NZOIA. Hata kutumia nambari rasmi za kaunti peke yake haiwezekani: 047 ya Nairobi inaanza na tarakimu, kwa hiyo itahitaji neno mbele yake, kama KAUNTI_047.

Je, hii ina maana kwamba mwananchi ataona "NGOMBE" kwenye skrini? La. Jina la ndani ni la kompyuta, na linalosomwa na mwananchi ni jingine. Mfumo uliotengenezwa vizuri unaweka maandishi ya kuonyesha kando, yakiwa na tahajia sahihi: Ng'ombe, Murang'a, Taita-Taveta. Ndipo pia Kiswahili na Kiingereza vinapopata nafasi sawa, kama lugha rasmi mbili za nchi yetu. Jina la ndani linabaki moja, na maandishi ya kuonyesha yanafuata lugha aliyoichagua msomaji. Ukiona tovuti ya umma inakuonyesha maneno kama LIMEKATALIWA_02, jua kwamba kazi hiyo haikukamilishwa.

Kipi kifungwe, kipi kiachwe wazi?

Si kila orodha inafaa kuwa enumu. Enumu imeandikwa ndani ya mkataba, na kuibadilisha kunahitaji fundi, majaribio na toleo jipya la mfumo. Kwa hiyo inafaa kwa mambo machache yasiyobadilika mara kwa mara. Mtandao wa GitHub, ambako watengenezaji programu huhifadhi kazi zao, unatumia enumu kuonyesha hali ya suala lililoripotiwa. Hali ni mbili tu: OPEN likiwa wazi, CLOSED likifungwa.

Tuangalie mifano miwili ya kwetu. Kaunti ni 47, na zimetajwa katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010. Orodha hiyo haibadiliki kwa uamuzi wa ofisi. Inafaa kuwa enumu.

Wadi ni tofauti. Kote nchini ziko 1,450, na Kifungu cha 89 cha Katiba kinaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kupitia idadi, majina na mipaka yake mara kwa mara. Ukizifunga wadi ndani ya enumu, siku wadi itakapogawanywa au kupewa jina jipya, wakazi wake watafungua fomu na kukosa kwao. Zinafaa kukaa kwenye jedwali la rekodi ambalo afisa mwenye idhini anaweza kulisasisha bila kuugusa mkataba. Ndivyo ilivyo pia kwa shule, masoko, zahanati na vijiji.

Enumu inalinda tahajia, hailindi ukweli

Hadi hapa enumu imeonekana kuwa jambo jema tupu. Lakini orodha iliyofungwa inaweza pia kumfungia mtu nje.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuweka jibu la tatu katika swali la jinsia, kwa ajili ya watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia mbili, ambao Kiswahili kinawaita huntha. Watu 1,524 walihesabiwa hivyo. Watu hao hawakuzaliwa mwaka wa 2019. Walikuwepo katika sensa zilizotangulia, ila fomu ilikuwa na visanduku viwili, na kila mmoja wao alilazimika kuingizwa katika kimojawapo. Kisichokuwa kwenye orodha hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiwezi kutengewa chochote kwenye bajeti.

Turudi kwenye basari. Tuseme fomu inauliza nani anamtunza mwanafunzi, na enumu ina maneno mawili: MAMA na BABA. Watoto wengi wanalelewa na nyanya zao. Nyanya huyo atafanya nini? Nafasi haiwezi kuachwa tupu, na hakuna mahali pa kuandika. Atachagua MAMA, kwa kuwa ndilo lililo karibu. Mfumo utalipokea jibu hilo bila kunung'unika, kwa maana tahajia ni sahihi. Baadaye kamati itaona kwenye rekodi kwamba mtoto ana mama anayemtunza, ilhali barua ya chifu inasema ni yatima. Stakabadhi mbili zinapingana, na ombi linatiliwa shaka. Nyanya hakudanganya kwa kutaka. Orodha ndiyo iliyomwekea maneno mdomoni.

Kuongeza NYANYA, BABU na MLEZI kunasaidia. Kuweka NYINGINE, pamoja na nafasi ya maandishi ya kueleza, kunasaidia zaidi. Lakini NYINGINE si jalala la kutupia kila kitu. Wengi wakilichagua, hiyo ni ishara kwamba kuna jibu la kawaida ambalo waandishi wa orodha walilisahau. Inafaa ofisi isome maelezo yale kila msimu wa maombi na kuirekebisha orodha.

Tazama pia ile HaliYaOmbi tuliyoiandika juu. Ina kasoro, na huenda msomaji ameshaiona. Mwombaji aliyesahau kuambatisha barua ya chifu atawekwa wapi? Ombi lake halijaidhinishwa. Likiwekwa LINAKAGULIWA, atakaa akisubiri uamuzi ambao hautakuja. Likiwekwa LIMEKATALIWA, atakata tamaa, ilhali alihitaji kuleta karatasi moja tu. Orodha inakosa neno la tano: LINASUBIRI_STAKABADHI. Neno hilo moja linaweza kuwa tofauti kati ya mtoto anayebaki shuleni na anayekaa nyumbani muhula mzima.

Kubadilisha orodha bila kuvunja mfumo

Kuongeza neno si vigumu kwa upande wa seva. Tatizo ni kwamba kuna simu zenye programu ya zamani ambazo hazilijui neno jipya. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu ikikutana na neno isilolijua itaonyesha ujumbe kama "Tafadhali wasiliana na ofisi ya wadi". Iliyoandikwa kwa haraka itaonyesha skrini tupu au itakwama.

Kuondoa neno ni hatari zaidi, kwa sababu maulizo yote ya zamani yanayolitaja yatakataliwa. Ndiyo maana GraphQL ina njia ya kulistaafisha neno kabla ya kuliondoa:

    LINAKAGULIWA @deprecated(reason: "Tumia LIKO_KWA_KAMATI")

Neno linaendelea kufanya kazi, lakini kila fundi anayesoma skima anaona onyo, sababu, na neno la kutumia badala yake. Likishaacha kutumika kabisa, ndipo linapoondolewa.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye rekodi za kale. Ukifunga orodha leo huku maghala ya data yakiwa bado na "limepita" na "sawa" za miaka iliyopita, seva itakapokutana na neno hilo itashindwa kulitoa kama jibu, na badala yake itaweka null, yaani tupu. Lakini tulisema hali haiwezi kuwa tupu. Kwa hiyo ombi zima linageuka tupu. Nasi tulisema pia kwamba hakuna ombi tupu ndani ya orodha, kwa hiyo orodha nzima inaanguka. Rekodi moja yenye neno baya inaweza kuzuia jibu la maombi yote kuonekana. Hii ndiyo sababu kazi ya kusafisha rekodi za zamani hutangulia, na inachukua muda mrefu kuliko kuandika mistari michache ya enumu.

Nafasi ya mwananchi

Mambo haya yanaweza kuonekana kuwa ya mafundi peke yao. Sivyo. Fundi anajua jinsi ya kuifunga orodha, lakini hawezi kujua maisha ya kila anayeijaza. Nyanya anayelea wajukuu anajua kitu ambacho skima haikijui.

Unapotumia fomu ya kaunti mtandaoni, au unapohudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu huduma za kidijitali, uliza maswali haya:

1. Je, hali yangu imo kwenye orodha? Kama haimo, kuna nafasi ya kueleza?
2. Kila neno lina maana gani, na ninatakiwa kufanya nini ombi langu likifika hapo?
3. Nani anaweza kuibadilisha orodha, na mapendekezo yanapelekwa kwa nani?

Sheria iko upande wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisizo sahihi zisahihishwe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza uamuzi kuhusu ombi lako ulifikiwaje, na ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21.

Kwa sasa, chukua hatua tatu rahisi. Hifadhi nambari ya ombi lako, au piga picha ya skrini inayoionyesha. Angalia hali ya ombi mara kwa mara, usingoje wiki ya kufungua shule. Na ukifungua fomu usijione kwenye orodha, usichague lililo karibu ili tu upite. Fika katika ofisi ya wadi, umweleze msimamizi ni neno gani limekosekana, na umwombe aliandike. Huenda kuna wengine wengi katika wadi yako wanaongojea neno hilo hilo.